Nusu ya dawa si nusu ya tiba: hesabu ya saratani tunayoikosea Pwani

Kila mjadala wa saratani unapozuka huku kwetu Pwani, haukawii kuishia kwenye mashine na majengo. Mwanasiasa atasimama aulize mashine ya miale italetwa lini kaunti yake. Mwingine ataahidi wadi mpya. Sisi nasi tutapiga makofi, tutapiga picha, kisha kila mtu ashike njia yake. Si vibaya. Mashine zinahitajika na wadi zinahitajika. Lakini kuna swali moja ambalo sijalisikia likiulizwa barazani wala kwenye kikao cha bajeti, nalo lina uzito kuliko jengo lolote: siku mgonjwa anapoketi kwenye kiti kuwekewa dripu, je, dawa zake zote zipo?

Nasema zote, si baadhi. Maana matibabu ya saratani nyingi si dawa moja. Ni dawa mbili, tatu au nne zilizopangwa kwenda pamoja, kwa vipimo maalumu na kwa siku maalumu. Ikikosekana moja, mgonjwa hakupata robo tatu ya tiba. Huenda amepata tiba nyingine kabisa, dhaifu, ambayo hakuna daktari aliyeikusudia. Hapo ndipo hesabu yetu inapokosewa, kuanzia serikalini, hospitalini, mpaka kwenye michango yetu ya mtaani.

Jambo hili si dogo. Makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo karibu 29,000. Hakuna mtaa hapa, kuanzia Lunga Lunga hadi Kiunga, usio na nyumba iliyoguswa.

Kwa nini dawa moja haitoshi

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba amewapa watoto wenye saratani ya damu dawa iitwayo aminopterini, na baadhi yao wakapata nafuu ya kushangaza. Watoto waliokuwa hawainuki kitandani waliamka wakacheza. Lakini furaha ile ilidumu miezi michache tu. Ugonjwa ulirudi, na uliporudi dawa ile haikufua dafu tena.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Uvimbe wa sentimita moja una seli zipatazo bilioni moja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila seli milioni moja kuna moja ambayo kwa maumbile yake haidhuriwi na dawa fulani. Ukitumia dawa hiyo peke yake, utaua karibu zote, uvimbe utanywea, familia itasema Alhamdulillah. Lakini seli elfu moja zitakuwa zimebaki hai, na hizo ndizo zitakazozaana. Uvimbe utakaorudi ni uzao wa wale waliokwisha kuishinda dawa.

Sasa ongeza dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine. Seli ya kuzishinda zote mbili kwa wakati mmoja itakuwa moja katika milioni ya milioni, na uvimbe wetu hauna seli nyingi kiasi hicho. Ongeza ya tatu, mlango unazidi kufungwa. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Wataalamu hawakulitoa wazo hili hewani. Walilijua kutokana na kifua kikuu. Streptomaisini ilipoanza kutumiwa peke yake miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu kisha vijidudu vikaizoea. Ilipoongezewa dawa ya pili, usugu ukapungua sana. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wawili wa Marekani, Emil Frei na Emil Freireich, wakachukua somo lile wakalipeleka kwenye saratani ya damu ya watoto. Waliunganisha dawa nne: vinkristini, methotreksati, merkaptopurini na prednisoni. Wenzao wengi waliwalaumu, wakasema huko ni kuwatesa watoto wanaokufa. Lakini watoto waliendelea kuishi. Hospitali ya St. Jude kule Memphis, chini ya daktari Donald Pinkel, ikaendeleza njia hiyo, na ilipofika karibu mwaka 1970 nusu ya watoto wake walikuwa wanapona kabisa. Leo katika nchi tajiri wanapona karibu tisa kati ya kumi.

Mwaka 1970 huohuo, Vincent DeVita na wenzake walichapisha matokeo ya dawa nne walizowapa watu wazima wenye saratani ya tezi iitwayo Hodgkin. Uvimbe ulitoweka kwa wagonjwa wanane kati ya kila kumi, na wengi wao hawakurudiwa. Mwaka 1976, Gianni Bonadonna aliyekuwa Milan, Italia, akaonyesha kwamba mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi akipewa dawa tatu pamoja baada ya upasuaji, uwezekano wa ugonjwa kumrudia unapungua.

Somo lililofundishwa Afrika Mashariki

Asije mtu akadhani hii ni habari ya Wazungu na hospitali zao. Sehemu ya somo hili ilifundishwa hapa jirani.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Baadaye alisafiri kwa gari maelfu ya maili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akitafuta mahali unapopatikana. Aligundua kwamba unafuata nchi za joto, mvua na malaria, na ukanda wetu wa pwani umo. Uvimbe ule ulisikia dawa upesi mno. Hata dawa moja iliweza kuuyeyusha kwa siku chache. Lakini kwa watoto wengi ulirudi, na mara nyingine ulirudi kwenye ubongo na uti wa mgongo, pahali ambapo dawa ya kwanza haikufika vizuri.

Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, ikiongozwa na Mmarekani John Ziegler, na baadaye Mganda Charles Olweny. Huko ndiko zilikojaribiwa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, peke yake na kwa pamoja, kwa watoto wa Kiafrika, katika wadi za Kiafrika. Tuzo kubwa ya tiba ya Marekani iitwayo Lasker ilipotolewa mwaka 1972 kwa ajili ya kazi ya dawa za saratani, majina ya Burkitt na Ziegler yalikuwa kwenye orodha moja na ya Frei, Freireich, Pinkel na DeVita.

Hata kile kifua kikuu chenyewe. Matibabu ya miezi sita yanayotumika dunia nzima leo yana mizizi katika majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo ilionekana kwamba kuongeza rifampisini au pirazinamidi kunafupisha muda wa kutibu. Na leo nani asiyejua kwamba dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ni tatu ndani ya kidonge kimoja? Nani hajawahi kumeza dawa ya malaria iliyochanganywa mbili pamoja? Sisi watu wa Pwani tunaishi ndani ya elimu hii kila siku. Tofauti ni kwamba dawa za kifua kikuu na za Ukimwi hufungwa pamoja kiwandani, kwa hivyo hakuna anayeweza kukupa moja akakunyima nyingine. Za saratani huja chupa mbalimbali, kwa bei mbalimbali, na kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Hapo ndipo mnyororo unapokatika.

Dawa huchaguliwaje

Chukua mfano mmoja unaotumika sana kwa saratani za tezi: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni, kila siku 21. Kwa nini hizi na si nyingine?

Kwanza, kila moja ina njia yake. Siklofosfamidi na doksorubisini hushambulia vinasaba ndani ya seli, lakini kila moja kwa namna yake. Vinkristini huvunja nyuzi ambazo seli hutumia kujigawa. Prednisoni huzisukuma seli za tezi zife zenyewe.

Pili, madhara yake hayaangukii mahali pamoja. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi huiogopa, ina hatari kwa moyo, kwa hivyo kiasi chake cha maisha kina kikomo. Vinkristini huleta ganzi vidoleni na kufunga choo, lakini haiugusi sana uboho wa mifupa. Siklofosfamidi inaugusa uboho na inaweza kuunguza kibofu. Ukizichanganya hivyo, unaweza kutoa kila moja kwa kipimo chake kamili bila kiungo kimoja kubeba mzigo wote.

Tatu, zile siku 21. Si desturi tu. Uboho hushuka baada ya dawa, kisha huinuka. Ukiwahi mno, damu haijarudi. Ukichelewa mno, uvimbe nao umepata nafasi ya kuota tena. Muda wenyewe ni sehemu ya dawa.

Hiyo vinkristini, ndugu msomaji, hutolewa kwenye ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, lililopandwa nje ya nyumba nyingi za huku kwetu. Asili yake ni Bukini, yaani Madagascar. Lakini nakuomba usikimbilie kuchemsha majani yake. Yana sumu, na kiwanda huhitaji shehena kubwa ya majani kupata chembe ndogo ya dawa. Kinachotofautisha dawa na sumu ni kipimo.

Mnyororo unapokatika

Mwaka juzi nilimsindikiza mara kadhaa jirani yangu, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi. Hospitali siitaji, na sidhani kisa hiki ni cha hospital moja. Alipangiwa duru nne za dawa mbili. Duru ya pili tulipofika, dawa moja ilikuwepo na ya pili imekwisha. Mumewe, mtu mpole, akamuuliza sista kwa adabu: “Sasa si apewe hiyo iliyopo, ile nyingine atapata ikija?” Sista akasema hapana, na alikuwa na haki. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ikawa tatu. Duru nne zilizopangwa kumalizika ndani ya miezi mitatu zikachukua mitano.

Swali la yule bwana ndilo swali la watu wote. Maishani mwetu tumezoea kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa. Haba na haba hujaza kibaba. Kwenye deni, kwenye ujenzi, kwenye karo, msemo huo ni kweli. Kwenye dawa za saratani si kweli. Kibaba hakijai kwa kuchelewa. Dawa moja ikitolewa leo na nyingine mwezi ujao, zile seli sugu zimeshapishwa njia.

Hospitali ikikosa dawa, mara nyingi mgonjwa huambiwa akanunue nje. Huko nako kuna mitihani yake. Vinkristini, kwa mfano, yapaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sasa fikiria chupa hiyo imetiwa kwenye mfuko wa plastiki, mama amepanda tuktuk nayo, saa saba ya mchana, mwezi wa Februari. Dawa itakayofika kwenye dripu ni ile iliyoandikwa kwenye cheti?

Kuna umbali pia. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, ndiyo tegemeo la kaunti sita. Mtu wa Faza lazima apande mashua mpaka Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, kila baada ya wiki tatu, akiwa na kichefuchefu na damu iliyopungua. Nauli yake, nauli ya wa kumsindikiza, pahali pa kulala, chakula. SHA hailipi basi wala mashua. Wengi hawakatizi matibabu kwa sababu ya ujinga au kukosa imani. Wanakatiza kwa sababu duru ya nne imewakuta hawana nauli.

Na kuna bima yenyewe. Mfumo wa SHA ulipoanza Oktoba 2024, matibabu ya saratani yaliwekewa shilingi 400,000 kwa mwaka, na zikimalizika, 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Tangu hapo pamekuwa na malalamiko kwamba hazitoshi na ahadi za kuziongeza. Sawa, ziongezwe. Lakini tatizo si kiasi peke yake, ni namna zilivyopangwa. Kwanza ni za kaya, si za mtu. Nyumba yenye mama na baba wagonjwa wanagawana fungu moja. Pili, zina kikomo cha shilingi, ilhali ugonjwa una kikomo cha duru. Fungu likiisha kwenye duru ya tano kati ya nane, bima itaandika kwamba imelipa zaidi ya nusu. Daktari ataandika kwamba matibabu hayakukamilika. Huyu wa pili ndiye anayesema kweli.

Mfano wa Herceptin

Mwaka 2025 palitangazwa mapatano ambayo yafaa kusifiwa. Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana kwamba dawa ya Herceptin, iliyokuwa ikigharimu shilingi 120,000 kwa kila mara, ishuke hadi 40,000, na hizo zilipwe na SHA, mgonjwa asitoe kitu. Dawa hii ni ya wanawake wenye aina fulani ya saratani ya titi, iitwayo HER2, ambao ni takriban mmoja kati ya watano au sita. Hutolewa kwa kawaida mara 18 ndani ya mwaka.

Lakini hapa pia tusisahau kanuni ya leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ndio ulioipa Herceptin sifa, na utafiti ule uliipima ikiwa pamoja na kemo, si badala ya kemo. Ili mwanamke wa Kilifi afaidike na mapatano hayo, anahitaji kwanza kipimo cha nyama kuonyesha kwamba saratani yake ni ya HER2. Anahitaji kupigwa picha ya moyo kila baada ya muda, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuudhoofisha moyo, na ndiyo sababu haitolewi siku moja na ile dawa nyekundu. Anahitaji paklitakseli au dawa nyingine ya kwenda nayo. Dawa moja ikiwa bure na tatu zinazoandamana nayo hazipo, tumenunua tanga bila mlingoti.

Tena zile zinazokosekana mara nyingi si dawa mpya za bei kali. Siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini, methotreksati na paklitakseli zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nyingi zina umri kuliko mimi, na viwanda vingi vinazitengeneza. Kuzikosa si tatizo la sayansi. Ni tatizo la kuagiza mapema, kulipa wauzaji kwa wakati na kuhesabu vizuri.

Na sisi wenyewe

Haitakuwa insafu kuielekezea serikali kidole na kujisahau. Kuna mambo yanavunja mchanganyiko huu ndani ya nyumba zetu.

La kwanza ni kuacha tukiona nafuu. Uvimbe ukinywea baada ya duru mbili, ndugu huanza kusema mgonjwa ameshapona, dawa inammaliza bure, apumzishwe. Kumbuka hesabu ya Farber. Nafuu ya mapema ndiyo iliyowadanganya watu tangu mwaka 1948.

La pili ni kuongeza dawa zetu bila kusema. Siwapingi wenye kutumia habasoda, asali au mwarobaini. Lakini daktari aliyepima dawa nne kwa uangalifu ana haki ya kujua kama kuna ya tano na ya sita. Hata dawa za maumivu za kawaida zinazouzwa dukani zinaweza kuifanya methotreksati ikae mwilini kupita kiasi. Na hijama, ambayo ina nafasi yake katika sunna, si ya kufanywa siku ambazo chembe za damu zimeshuka baada ya kemo. Chale ndogo inaweza kutoka damu isikatike, au kuingiza maambukizi ambayo mwili hauna askari wa kupambana nayo. Muulize daktari kwanza. Na mgonjwa wa kemo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

La tatu ni Ramadhani. Nimewajua wagonjwa waliosogeza duru zao mbele ili wafunge. Nia yao ni njema, lakini dini yetu yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na asiyeweza kulipa akatoa fidia. Maimamu wetu wangelifanya jema kubwa kulitaja hili waziwazi kwenye hotuba ya Ijumaa kabla ya mwezi kuandama, kwa jina la saratani, si kwa jumla tu.

La nne ni harambee zetu. Tuna moyo, wallahi. Kundi la WhatsApp likifunguliwa, namba ya kutuma pesa ikitolewa, ndani ya siku tatu pesa zimepatikana. Lakini tunachanga mara moja, kwa kishindo, halafu kimya. Mgonjwa ana duru sita au nane, na mwenye kumbuka duru ya tano ni mama yake tu. Ningependekeza tubadilishe mtindo: watu kumi waahidi kila mmoja duru moja, nauli na vipimo vyake, na jina liandikwe kando ya tarehe. Mchango mdogo unaofika siku yake una faida kuliko mkubwa uliokwisha mwezi wa kwanza.

Je, dawa nyingi zaidi ni bora zaidi?

Hapana, na hili nalo lisemwe. Miaka ya 1990 madaktari wa Marekani waliwapa maelfu ya wanawake wenye saratani ya titi vipimo vikubwa mno vya dawa, kisha wakawarudishia uboho wao. Majaribio ya uhakika yalipokamilika, hawakuishi zaidi ya wenzao waliopewa vipimo vya kawaida, na mateso yao yalikuwa makubwa. Mchanganyiko mzuri ni ule uliopimwa, si ule mrefu. Kuna wagonjwa, hasa wazee wenye figo au moyo dhaifu, ambao dawa moja ndiyo inayowafaa. Kuna saratani ambazo dawa hufanya kazi zikiandamana na miale, kama ile ya shingo ya kizazi, ambapo tangu mwaka 1999 sisplatini kila wiki pamoja na miale imekuwa njia ya kawaida. Na kuna wakati ugonjwa umefika mbali, na kinachotakiwa ni kumpunguzia mtu maumivu akae na watu wake kwa utulivu. Kumwambia ukweli huo pia ni tiba.

Lakini uamuzi wa kutoa dawa chache uwe wa daktari na mgonjwa, kwa sababu za mwili wake. Usiwe uamuzi wa stoo tupu.

Tuulize nini

Kwa hivyo narudi kwenye vikao vyetu. Kaunti zetu hukusanya maoni ya bajeti kila mwaka, na uchaguzi wa 2027 tayari umeanza kunukia. Watakuja na michoro ya majengo. Tuwapokee kwa heshima, kisha tuwaulize maswali manne.

Je, mko tayari kutangaza kila mwezi, si orodha ya dawa zilizopo, bali ni wagonjwa wangapi waliopata mchanganyiko wao kamili siku yao, na wangapi walirudishwa? Namba hiyo moja itatuambia mengi kuliko ripoti ya kurasa mia.

Je, SHA iko tayari kulipa saratani zinazotibika kwa matibabu kamili, kuanzia duru ya kwanza hadi ya mwisho, badala ya kuhesabu shilingi mpaka ziishe njiani?

Je, kaunti sita za Pwani, ambazo tayari zina jumuiya yao, zinaweza kuagiza dawa hizi pamoja, ili stoo ya Kwale ikiwa na ziada iweze kuisaidia Lamu, na bei ipungue kwa wote?

Na je, duru nyepesi, zile zisizohitaji mtaalamu mkuu kila mara, haziwezi kutolewa Lamu, Hola, Kilifi na Voi, na wauguzi waliofunzwa kuchanganya na kutundika dawa hizi kwa usalama, daktari wa Mombasa akiwafuatilia kwa simu? Kabati la kuchanganyia dawa na friji inayofanya kazi si mradi wa kukatia utepe, lakini ungemwokoa mtu wa Faza safari sita kati ya nane.

Yule jirani yangu alimaliza matibabu yake, na mpaka leo tunamwombea. Sijui, wala hakuna awezaye kujua, zile wiki tatu zilimgharimu nini. Kwa Mungu kila jambo lina siku yake. Kwetu sisi wanadamu, duru ya pili ilikuwa na siku yake, na dawa haikuwepo.